NURU KATIKA CHUMBA CHA NYANYA

Je, umewahi kujiuliza ni kwa nini chumba chenye dirisha moja hakiwi na giza totoro hata katika pembe ambayo jua haliifikii? Mimi sikuwahi kujiuliza hadi likizo ya Aprili, baba alipoamua kumjengea nyanya chumba kipya hapa kwetu Subukia. Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Miaka yangu ni kumi na sita tu, lakini nimeona jambo ambalo sina budi kuwagawia.

Nyanya husuka vyondo. Pesa za vyondo ndizo hununua madaftari yetu, na muhula ukiwa mgumu ndizo hunilipia chakula cha mchana hapa shuleni. Taabu ni kwamba macho yake yameanza kuchoka. Chumba chake cha zamani kilikuwa cha mbao zilizokolea moshi, na kidirisha chake hakikuzidi ukubwa wa kitabu cha atlasi. Jioni moja alituambia waziwazi kwamba chumba kipya kikiwa na giza kama hicho, basi kiondo alichokuwa nacho mkononi kingekuwa cha mwisho.

Fedha zilitosha dirisha moja la kioo. Fundi alitaka liwe upande wa magharibi, kando ya mlango. "Ndio nyumba ionekane maridadi kutoka barabarani," alisema. Baba naye alitaka mashariki, jua linakochomoza. Upande wa kusini ulishikana na jikoni, kwa hivyo haukuzungumziwa. Nyanya hakuulizwa.

Wakati huo binamu yangu alikuwa amekuja likizo kutoka chuoni na kipakatalishi chake. Ndani yake mlikuwa na programu iitwayo Blender. Programu hii hailipiwi hata senti moja. Mwaka wa 2002, Ton Roosendaal wa Uholanzi aliwaomba watu wachange euro 100,000 ili programu hiyo iachiliwe huru, na kwa muda wa wiki saba hivi zikapatikana. Tangu mwaka wa 2011 imekuwa na sehemu iitwayo Cycles, ambayo kazi yake ni kufuata miale ya mwanga.

Hebu niwaeleze inavyofanya kazi. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Kairo yapata miaka elfu moja iliyopita, alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia machoni, wala si jicho linalotoa mwanga. Tarakilishi huifuata safari hiyo hiyo kinyumenyume. Miale mingi ya jua haifiki machoni petu kamwe, na kuifuata yote ni kupoteza wakati. Kwa hivyo mashine huanzia kwenye jicho, yaani kamera, ikatuma mwale chumbani, ukagonga ukuta, ukadunda, ukagonga sakafu, ukadunda tena, mpaka utokee dirishani na kulifikia jua au anga. Mmarekani Turner Whitted alichapisha njia ya kufuata miale inayoakisiwa namna hii mwaka wa 1980. Mwaka wa 1986 James Kajiya akatoa hesabu ya jumla, ambayo ndiyo msingi wa programu za leo.

Basi nilipima chumba kwa futi, mbili kumi na kumi na mbili, nikakijenga ndani ya mashine. Kisha nikaanza kuweka vipimo. Kwanza jua. Ikweta inapita karibu nasi, kama ajuavyo yeyote aliyepanda matatu ya kwenda Nyahururu. Mwezi Machi na Septemba jua hutupitia utosini. Juni huegemea kaskazini kwa digrii 23 na nusu hivi, na Desemba huegemea kusini kiasi hicho hicho. Mwalimu wetu wa Jiografia alitufunza kuwa dunia huzunguka digrii 15 kwa saa. Huku kwetu jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hivyo saa tatu na nusu asubuhi mwezi Machi limepanda digrii 45. Hiyo ndiyo saa nyanya akaapo kusuka, nami nikaiandika. Upana wa jua niliuandika nusu digrii, kwa sababu hivyo ndivyo linavyoonekana kutoka duniani. Ukiongeza namba hiyo, kingo za vivuli huyeyuka kama siku ya mawingu. Kwa anga nikaandika mwinuko wa mita 2,000 juu ya bahari.

Pili ni midundo. Nilipoweka sifuri, palionekana kipande cha jua sakafuni na giza kila mahali. Nilipoweka mmoja, ukuta wa karibu ukajitokeza. Mashine yenyewe huja na midundo 12 kwa jumla, na minne kwa kuta zisizong'aa, lakini mimi niliongeza hii ya kuta hadi 12. Hapo ndipo nilipong'amua siri kubwa. Mwanga ni kama shilingi mia inayopita mikononi mwa watu. Ukuta uliopakwa chokaa mpya nilikadiria kuwa hurudisha asilimia 80 ya mwanga. Baada ya midundo minne, katika shilingi 100 zinabaki shilingi 41. Ukuta wa mbao zenye moshi nilikadiria asilimia 20. Baada ya midundo minne, katika zile shilingi 100 zinabaki senti 16! Hata peremende hupati. Kumbe kilichokuwa kikimuumiza nyanya si dirisha dogo pekee, ila pia kuta zilizokuwa zikila mwanga.

Tatu ni sampuli, yaani idadi ya miale inayotumwa kwa kila nukta ya picha. Zikiwa chache, picha hujaa chembechembe kama redio iliyokosa stesheni. Ukitaka kupunguza chembechembe hizo kwa nusu, ni lazima uongeze sampuli mara nne. Kipakatalishi kilikuwa kikongwe na stima huku kwetu hupotea bila kubisha hodi, kwa hivyo niliridhika na sampuli 256, kisha nikaiacha mashine isafishe chembechembe zilizosalia. Kusafisha huko ni kukisia, ndiyo maana sampuli zisiwe chache mno, la sivyo mashine itakuchorea isichokiona.

Nne ni kipimo cha mwangaza wa picha nzima. Hapa binamu yangu aliniambia, "Wewe unasumbuka bure. Pandisha hii namba kwa picha unayoitaka, mzee ataona kunang'aa, ataamini." Ilikuwa kweli. Kwa kugusa kitufe, pango lingegeuka kuwa ukumbi wa harusi. Lakini nilikataa. Nilimwambia Cucu hatasuka ndani ya picha, atasuka ndani ya chumba. Picha zote nikaziachia kipimo kimoja, ili atakayezitazama alinganishe madirisha wala si ujanja wangu.

Niliwaonyesha usiku. Baba alicheka. "Kijana, nyumba hujengwa kwa misumari, si kwa kompyuta." Hata hivyo alitazama. Nyanya naye, ambaye huniita "mzee wangu" kwa kuwa nina jina la marehemu babu, alisogeza uso karibu na kioo akauliza, "Mzee wangu, na mimi nimekaa wapi hapa ndani?"

Swali hilo lilinifungua macho. Nilikuwa nimeiweka kamera mlangoni, mahali anaposimama mgeni. Nikaishusha hadi kimo cha macho ya mtu aliyeketi kwenye kigoda, nikaiweka pale anapopenda kukaa. Mambo yakabadilika. Dirisha la mashariki lilileta mwanga mwingi, lakini jua la asubuhi lilimpiga usoni huku mikono yake ikibaki kivulini. Dirisha la magharibi lingemfanyia vivyo hivyo saa kumi jioni. Dirisha la kaskazini halikuwa na kipande cha jua mwezi Machi. Lilileta nuru ya anga, tulivu, iliyotandaa mpaka magotini. Nilipojaribu mwezi Juni, miale michache ilipenya asubuhi, lakini ile ya adhuhuri ilizuiwa na upenu wa bati.

"Hili hapa," nyanya alisema, akigusa picha ya kaskazini yenye kuta nyeupe. "Hili haliniumizi."

Fundi alinung'unika kwamba hakuna atakayeliona dirisha lake huko nyuma. Baba alimjibu kuwa dirisha ni la kuonea, si la kuonewa. Likawekwa kaskazini, na pesa za rangi ya nje zikanunua chokaa ya ndani.

Sitawadanganya kwamba chumba kinafanana na picha nukta kwa nukta. Chokaa imeanza kuchafuka karibu na kitanda, na siku za mvua bonde lote hufunikwa na ukungu ambao sikuuweka katika hesabu. Macho ya nyanya bado ni yale yale, na tarehe ya kwenda kliniki haijabadilika. Ila kiondo alichosema kitakuwa cha mwisho kimeuzwa, na sasa yumo katika cha tatu tangu ahamie.

Wanachama wenzangu, nina ombi moja. Maandishi yote ya programu niliyoitumia yalikuwa ya Kiingereza. Kumweleza baba, ilinibidi niyatafutie maneno: mwale, mdundo, sampuli, chembechembe. Nilipotamka Kiingereza alitikisa kichwa. Nilipotamka "mdundo" alielewa papo hapo, kwani mpira anaujua. Baadhi ya maneno yangu huenda hayafai. Mwenye neno bora na alilete chamani, tulijadili siku ya mkutano.