Kusimama na Jirani Aliyedhulumiwa



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.t) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w), tunawaomba wazazi na wanafunzi wasome haya kwa utulivu, kisha wayazungumze nyumbani.

Kila Ramadhani tunasikia mawaidha kuhusu amani. Idd ikifika tunapeleka pilau kwa majirani Wakristo, na Krismasi nao wanatukumbuka. Ni jambo jema na lisiachwe. Lakini ujirani wa sahani haujatia mtu gharama yoyote. Gharama inakuja siku jirani yule anapodhulumiwa, na aliyemdhulumu akawa ni mtu wetu.

Sisi wa Gasenyi, huku kaskazini mwa Bujumbura, si wengi kama ndugu zetu wa Buyenzi. Nyumba ya Mwislamu huku imezungukwa na nyumba za Wakatoliki na za Walokole, wenyeji na waliotoka Kongo. Na mnajua kwamba hapa mjini wengi wanatuita "Waswahili" tu, kana kwamba ni kabila la nne baada ya Wahutu, Watutsi na Watwa. Wengine wetu wanalipenda jina hilo kwa sababu linawatoa katika ugomvi. Sisi tunaona lina hatari yake: anayejiona yuko nje ya ugomvi huona pia kwamba haki ya wenziwe haimhusu.

Tumtazame Mtume (s.a.w) kabla hajapewa utume, akiwa kijana wa umri wa miaka ishirini hivi. Mfanyabiashara kutoka Yemen alifika Makka na bidhaa zake, akazinunua al-As bin Wail, mkubwa wa Kikuraishi, kisha akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Basi baadhi ya koo za Kikuraishi zikakutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama na kila mdhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apewe haki yake. Hicho ndicho kiapo kinachoitwa Hilful Fudhul. Mtume (s.a.w) alikuwapo, na baada ya Uislamu kuja alisema kwamba lau angeitwa tena kwenye kiapo kama kile angeitikia. Wanafunzi walitazame hilo vizuri. Walioapa pamoja naye hawakuwa Waislamu, na aliyeshitakiwa alikuwa Mkuraishi mwenzao.

Hapa Burundi pia wapo waliolipia jambo hilo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, kartiye za Bujumbura ziligawanyika, hii ikawa ya Wahutu na ile ya Watutsi. Kamenge, jirani zetu, ikabaki na upande mmoja tu. Buyenzi ilijulikana kuwa mahali ambapo watu wa pande zote waliendelea kuishi pamoja. Tusiipambe lakini: mwezi Machi 1995 mashambulizi yalifika Bwiza na Buyenzi kwenyewe, na maelfu wakakimbilia Zaire. Na tusijisifu peke yetu. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Wakatoliki ya Buta, mkoa wa Bururi wa wakati ule, wenye silaha waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa kuachana, na 40 kati yao wakauawa. Mzazi Mwislamu asione haya kumsimulia mwanawe habari hii. Umri wao ulikuwa umri wa watoto wetu wa sekondari.

Sasa turudi kwetu, maana vita vikubwa vina mashujaa wake, na dhulma ndogo ya mtaani haina mtetezi. Miaka kadhaa iliyopita mvua kubwa ilibomoa ua wa miyenzi uliokuwa mpaka kati ya viwanja viwili. Upande mmoja alikaa mama mjane, Mkristo, na wanawe. Upande wa pili, ndugu yetu katika imani, mtu wa safu ya mbele na mtoaji mzuri wa sadaka. Ua ulipopandwa upya ulikuwa umesogea hatua kama nne ndani ya kiwanja cha mjane. Shauri likapelekwa kwa bashingantahe, wale wazee wa kupatanisha ambao Warundi wanawaheshimu tangu zamani, nao wakauliza nani anajua ua wa zamani ulipita wapi.

Watu wawili walijua kwa yakini, kwa kuwa ndio waliowahi kuukata ua ule, na wote wawili wanaswali nasi. Siku zile maneno yalikuwa mengi. Wapo waliosema kwamba Mwislamu humsitiri Mwislamu mwenzake, na kwamba tuko wachache, tukianza kushitakiana nani atatuheshimu? Mzee mmoja akawajibu kwa kuwasomea Surat An-Nisaa, aya ya 135, inayotuamrisha kusimama na uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kusitiri aibu ya mtu ni kitu kimoja, na kumsaidia kula ardhi ya mayatima ni kitu kingine kabisa. Wale wawili wakaenda, wakasema walichokijua, na ua ukarudi mahali pake. Ndugu yule hakuwaitikia salamu kwa miezi mingi. Hatusemi mambo yaliisha vizuri. Mpaka leo yapo makaribisho ambayo wale mashahidi hawayapati.

Na haja ya mashahidi ni kubwa kuliko ua mmoja. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza mwaka 2020 kufukua makaburi ya halaiki mkoani Karusi, yatokanayo na mauaji ya 1972, na katika awamu ya kwanza tu ikapata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Kwa miaka karibu hamsini wapo waliojua na hawakuweza kusema.

Mvua nazo hazingoji. Usiku wa kuamkia 10 Februari 2014 mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 katika kartiye hizi za kaskazini, na Desemba 2019 maji na maporomoko yakaua tena huku kwetu. Nyumba ikiondoka, alama za mpaka huondoka nayo, na anayepoteza kwanza ni mjane, mpangaji na mgeni.

Kwa hiyo tumekubaliana na majirani wa parokia na wa makanisa mengine kuzitembelea familia zilizo ukingoni mwa makorongo, kabla ya mvua kubwa. Tutaandika mipaka yao mbele ya mashahidi wa dini zote, wenye viwanja wakiweka sahihi. Wanafunzi wenye mwandiko mzuri wanahitajika, wavulana na wasichana. Tunakutana Jumapili baada ya swala ya Asri. Njooni na daftari na kamba ya kupimia, na atakayeweza aje na mzee anayeukumbuka mtaa ulivyokuwa.

Wabillahi tawfiq.