Jiko Lako, Mtungi wa Jirani

Wanachuo wenzangu, kuna kauli inanikera: "Kompyuta imegoma tu." Haigomi tu, jamani. Nasomea ualimu wa Jiografia na kwetu ni Tarime, kwa hiyo mfano wangu ni ramani.

Tangu 2015, mradi wa Crowd2Map Tanzania umekuwa ukichora kwenye OpenStreetMap vijiji na barabara ambazo hazikuwamo. Kule Serengeti, ramani hizo zimewasaidia wanaharakati kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Usiku wa Desemba, kupotea njia siyo jambo dogo.

Sasa chukua QGIS, programu ya kuandaa ramani. Inategemea maktaba iitwayo PROJ, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, unaobadilisha koodineti kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Ramani zetu nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960. Simu zinatumia WGS 84. Ubadilishaji usipofanyika, kitu kinasogea kama mita 300. Kijijini, hapo umeshaingia mji wa watu wengine.

Waliofungasha QGIS ya Windows wameiwekea PROJ yake ndani, kama mwanafunzi anayekuja hosteli na jiko lake. Lakini tangu toleo la 6, la mwaka 2019, PROJ inasoma taarifa zake kwenye faili liitwalo proj.db, na inaweza kuelekezwa huko na anwani ya PROJ_LIB, ambayo programu zote za kompyuta zinaiona. Ukisakinisha programu nyingine yenye PROJ ya zamani, nayo ikabandika anwani yake pale, basi jiko ni lako ila mtungi wa gesi ni wa jirani, na haufungi. Maktaba mpya inafungua faili la zamani, inalalamika kuwa matoleo hayaendani, na ramani zinakataa kukaa pamoja.

Dawa ya haraka ni kufuta anwani hiyo. Dawa ya kweli iko kwa mfungashaji: ukibeba maktaba, beba na faili zake, kisha programu inapowaka ionyeshe yenyewe zilipo. Usiiachie mashine ya watu ikuchagulie.

Kesho tutasimama madarasani. Mwanafunzi akisema programu imekataa, tumwambie asome ujumbe wa kosa mpaka mwisho. Mara nyingi namba ya toleo iko palepale.