Sukari, Makaa na Kima wa Mabira

Mwaka 2007 nilikuwa mpangaji Kisugu, mtaa wa Kampala uliobanwa kati ya majumba ya Muyenga na vibanda vya Namuwongo. Uani tulikuwa watu wa kila kabila, tukielewana kwa Kiswahili, ingawa Waganda wengi bado walikiona lugha ya askari. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kiganda tuliyemwita Jajja. Ukoo wake ni Nkima, na mwiko wao ni kima. Kumla kima, kwake, ni kumla ndugu.

Mwaka huo redio zilizungumzia msitu wa Mabira tu. Serikali ilitaka kutoa hekta 7,100 hivi, karibu robo ya msitu, ziwe mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Lugazi. Ujumbe ukasambaa kwenye simu: msinunue sukari ya Lugazi. Dukani kwetu, muuzaji aliyepima sukari robo kilo robo kilo akawa anaulizwa, "Hii ya wapi?" Akitaja Lugazi, mteja anarudisha hela mfukoni. Jajja alikunywa chai bila sukari, na hakuna aliyethubutu kumtania. Tarehe 12 Aprili maandamano ya jijini yaligeuka ghasia, watu wakauawa. Mpango ukasitishwa, ingawa mwaka 2011 ulifufuliwa tena.

Mwaka huohuo wa 2007, mtaalamu Colin Groves alimtambua mangabei wa Uganda, aina ya kima, kuwa spishi ya peke yake, Lophocebus ugandae. Anaishi katika misitu michache: Kibale na Bugoma upande wa magharibi, na Mabira huku kwetu. Nilimwona nikielekea Jinja, tuliposhuka Najjembe, pale wachuuzi wanapovamia magari kwa kuku wa vijitini na ndizi za gonja za kuchoma. Hatua chache ndani ya msitu, juu kabisa, kundi lilikuwa likila matunda: weusi, manyoya marefu mabegani, mikia mirefu. Dume likapiga ukelele mmoja, likanyamaza, kisha likabwabwaja kwa sauti ya kusikika mbali.

Kima huyu hutegemea matunda ya miti mikubwa, na miti hiyo ndiyo inayowindwa na wapasua mbao na wachoma makaa. Makaa ya Kampala hutoka wilaya nyingi, Nakasongola ikiwa mojawapo, lakini hata Mabira kuna tanuri za wizi. Kisugu, kila mlango ulikuwa na sigiri. Muuza makaa alijaza debe, akapanga vipande vikubwa juu kwa mikono myeusi mpaka kilele kikasimama, nasi tukalipa bila kuuliza chochote.

Miwa iliutaka msitu hadharani, ikapata wapinzani. Makaa huuchukua gunia kwa gunia, usiku, kimyakimya. Wewe unayeishi Kampala, swali uliloliuliza kwenye sukari liulize na kwa muuza makaa: haya ya wapi?