Waya Mmoja Uliosahauliwa



Nimewafundisha walimu wa shule za msingi kwa miaka mingi, na ukatekista nimeushika kwa miaka mingi zaidi. Mtu wa namna hiyo huzoea kuulizwa, wala hazoei kuuliza. Leo nawasimulia jinsi nilivyounda kompyuta yangu ya kwanza, na deni ambalo kazi hiyo iliniachia.

Jambo lilianzia upande wa Kabambare. Katika kijiji kimoja aliishi mzee katekista aliyeanza kufundisha dini kabla ya uhuru wa 1960. Wakati wa kiangazi nilimwendea pamoja na vijana wawili wa Kasongo, tukamrekodi kwa simu muda wa saa tatu. Alitueleza jinsi Wakristo wa kijiji chake walivyosali porini bila padri wakati wa uasi wa 1964, na jinsi wengine walivyouzwa na jirani zao. Alitaja majina. Tulipoagana alinishika mkono akasema: "Mwalimu, kabla hujawaonyesha watu, niletee kwanza mimi nitazame. Yamo maneno ambayo huenda nikayaondoa." Nikamwahidi.

Simu yetu haikuweza kukata na kuunga picha ndefu hivyo. Dakika moja ya video ya simu huweza kula megabaiti 100 hadi 150. Hesabuni wenyewe saa tatu. Tukachanga fedha, tukaagiza vipande vya kompyuta ya mezani, vikaja kwa pikipiki kutoka Kindu. Tulichagua kuunda wenyewe kwa sababu kipande kimoja kikiharibika hubadilishwa peke yake. Tulitafuta prosesa yenye uwezo wa kuonyesha picha bila kadi ya ziada inayokula umeme, RAM ya gigabaiti 16, diski ya SSD kwa ajili ya kazi, na diski nyingine kubwa ya kuhifadhi. Umeme wetu ni wa jua. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, nasi hatuitoi zaidi ya nusu isije ikafa mapema. Kompyuta na kioo chake vikila wati 125, hatufikishi saa tano za kazi. Programu tuliyochagua, Kdenlive, haiuzwi, nayo huweza kutengeneza nakala nyepesi za video ili mashine ndogo isilemewe.

Kijana mmoja anayetengeneza simu sokoni alijitolea kunisaidia. Nilimjibu kwa upole, lakini moyoni nilijisemea: nimesoma kitabu cha maelekezo, mtoto huyu atanifundisha nini? Nikajifungia darasani, nikaunganisha vyote. Nilipobonyeza kitufe, feni zilizunguka kwa kelele na taa zikawaka. Kioo kikabaki cheusi.

Kwa muda wa wiki mbili niliwaambia watu kwamba nimeuziwa kitu kibovu. Nilimpelekea mwuzaji ujumbe wenye maneno makali. Mwishowe yule kijana alikuja bila kuitwa, akasimama mlangoni: "Baba Mwalimu, naomba ruhusa nitazame tu." Hakuchukua dakika tano. Bodi kuu hupokea umeme kwa njia mbili: waya mpana wa pini 24, na mwingine mdogo wa pini 8 unaoilisha prosesa peke yake. Huo mdogo nilikuwa nimeuacha ukining'inia nyuma ya sanduku. Feni zilikuwa na umeme. Penye akili ya mashine hapakuwa na kitu. Kijana akauchomeka, na kioo kikawaka.

Sikufurahi. Siku tatu kabla yake habari ilikuwa imetufikia kutoka Kabambare: mzee amefariki.

Tulipomaliza matanga niliipelekea familia yake kazi tuliyoifanya. Pale penye majina, mwanawe wa kwanza alisema yasikike, kwa maana ukweli ni ukweli. Binti yake akasema wajukuu wa waliotajwa wanaimba na wajukuu wa mzee katika kwaya moja. Walibishana hadi usiku. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kuamua, nami nilikuwa nimemchelewesha kwa wiki mbili kwa kuona haya kumwuliza kijana. Tukakubaliana kuyaacha majina nje. Filamu ina dakika 22; rekodi nzima imehifadhiwa katika nakala mbili, sehemu mbili tofauti, wala haionyeshwi. Mpaka leo sijui kama mzee angekata pale tulipokata.

Mwuzaji nilimpelekea ujumbe wa pili, wa kuomba radhi. Akajibu neno moja: "Asante." Na kila Jumamosi yule fundi wa simu anawafundisha wanafunzi wangu wa ualimu kuhariri video. Mimi hukaa benchi la mbele, na kalamu mkononi.

Wengi wenu mnampenda Mtakatifu Carlo Acutis, aliyeaga dunia mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Ninyi mwamtaja kwa sababu alijua kompyuta akiwa kijana mdogo. Mimi namtaja nikiwakumbuka watu wazima waliokubali kujifunza kwake. Kwangu mimi fadhila hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu.

Maswali ya kutafakari pamoja:

1. Ni nani aliye mdogo kwako, ambaye unaona haya kumwuliza jambo analolijua?
2. Ni ahadi gani uliyompa mzee, ambayo haiwezi kungoja?
3. Ungekuwa wewe mezani pale, majina yale ungeyakata au ungeyaacha? Kwa nini?