Neno Lisilosemwa kwa Wakati Wake

Tunapozungumza juu ya hatari zinazoikabili ndoa, mara nyingi tunamtazama adui wa mbali: msichana wa baa, jirani asiye na haya, safari za kikazi zisizokwisha. Ni mara chache tunamzungumzia rafiki. Naye rafiki ndiye aingiaye ndani bila kusubiri kukaribishwa, ndiye ajuaye tunachokula na tunachodaiwa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Filamu moja ya Marekani iliyotoka mwaka 1997, My Best Friend's Wedding, imeligusa jambo hili kwa kuchekesha. Julianne, ambaye ni Julia Roberts, anaishi New York na kazi yake ni kuandika magazetini juu ya vyakula vya mikahawa. Rafiki yake Michael ni mwandishi wa michezo. Walipokuwa chuoni waliwahi kupendana kwa muda mfupi, wakaachana, wakabaki marafiki wa kufa na kuzikana. Waliahidiana kwamba wakifikisha miaka 28 wote wawili wakiwa hawajapata wenzi, basi wataoana.

Zikiwa zimebaki wiki chache Julianne atimize umri huo, Michael anampa habari kwamba anaoa. Mchumba ni Kimmy, binti wa miaka 20 wa tajiri mmoja wa Chicago mwenye timu ya besiboli. Harusi ni baada ya siku nne! Hapo ndipo Julianne anapotambua kwamba anampenda. Anapanda ndege kwenda kuivunja harusi. Kimmy, asiyejua lolote, anamwomba awe msimamizi wake.

Hapa kwetu Tanzania tunaujua uzito wa kazi hiyo. Msimamizi husimama mbele ya watu na kutia sahihi kwamba ameshuhudia, na wanandoa wakigombana yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza kuitwa. Basi fikirini, akina mama wenzetu, msimamizi ambaye usiku halali akiitafuta njia ya kumchukua bwana harusi!

Tuliitazama filamu hii wanawake sita, wauguzi wa wodi moja, siku ya mapumziko, nyumbani kwa mmoja wetu. Tulicheka sana. Julianne anampeleka Kimmy mahali pa kuimba karaoke, akijua kwamba binti wa watu hana sauti, ili aaibike mbele ya mchumba wake. Kimmy anaimba vibaya kweli kweli, lakini anaimba kwa moyo wote, na Michael anazidi kumpenda. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tulifuta machozi ya kicheko kwa khanga.

Lakini palikuwa na mahali ambapo hakuna aliyecheka. Kimmy anasomea usanifu wa majengo, naye amekubali kuacha chuo ili afuatane na mumewe katika safari zake za kazi. Julianne anamchochea amwombe Michael akubali kazi kwa baba mkwe, ili wabaki Chicago. Kimmy anathubutu kulitaja jambo hilo mezani. Michael anakasirika, na Kimmy anarudi nyuma huku analia, anaomba radhi, anasema hataki tena. Mmoja wetu, aliyemaliza stashahada yake ya uuguzi akiwa na watoto wawili, aliuliza, "Sasa masomo yake ndiyo yamekwisha hivyo?" Filamu haikumjibu.

Tuliendelea kumtupia lawama Julianne mpaka tulipofika penye safari ya mashua katika mto wa Chicago. Pale Michael, mtu anayeoa kesho, anamwambia Julianne kwamba ukimpenda mtu, umwambie, la sivyo wakati unapita. Kisha ananyamaza, anamngojea. Naye Julianne anakaa kimya. Je, kosa hapo ni la nani? Sisi wanawake tumezoea kuwahukumu wanawake wawili na kumwacha mwanamume akipita katikati kama mgeni. Pembe tatu ina pande tatu.

Ukiitazama vizuri hadithi hii, hila zote zinazotuchekesha zimezaliwa na maneno yaliyofichwa. Julianne hakusema anapenda, akaishia kuandika barua ya uongo kwa jina la baba yake Kimmy, iliyokaribia kumponza Michael kazini. Michael hakusema moyo wake umesimama wapi. Kimmy hakusema anavyoumia kuacha chuo. Neno lisilosemwa kwa wakati wake halifi. Hutoka baadaye kwa mlango wa nyuma.

Siku ile mwenzetu mmoja alikuwa kimya. Mumewe ana rafiki wa kike tangu walipokuwa sekondari, mwanamke mwenye heshima zake. Mwaka uliopita mumewe alipopunguzwa kazini, rafiki alipata habari wiki nzima kabla ya mke. Mwenzetu alikuwa amelimeza jambo hilo kwa miezi, akihesabu simu na kununa bila kueleza sababu. Juma lililofuata alimngoja mumewe amalize kula, watoto wamelala, akamwambia, "Baba, sikukatazi rafiki yako. Ninachoomba, shida ya nyumba hii niijue mimi kwanza." Mume alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alimweleza madeni yote, hata yale ambayo rafiki hakuyajua.

Hatusemi kwamba mambo yao yamenyooka. Fedha bado hazitoshi, na yule rafiki bado anapiga simu. Lakini sasa simu inapokelewa sebuleni, na mara nyingine anaomba kuzungumza na mama wa nyumba.

Katika filamu pia, kinachoiokoa harusi ni ukweli. Kimmy anawaona Julianne na Michael wakibusiana, anakimbia. Julianne anamfuata Michael, anakiri hila zake zote. Kisha anamkuta Kimmy katika choo cha wanawake cha uwanja wa besiboli, na mbele ya wanawake waliojaa kusikiliza anakubali kwamba Michael anampenda Kimmy. Kimmy anaolewa, na Julianne anasimama kuwatakia heri.

Watengenezaji wa filamu walikuwa wamepiga mwisho mwingine, ambamo Julianne anakutana na mwanamume mpya pale harusini. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda. Ukapigwa upya, na anayekuja kucheza naye muziki ni George, rafiki na mhariri wake, ambaye tangu mwanzo alimshauri amwambie Michael ukweli, kisha akubali jibu lolote.

Sisi tunaona watazamaji wale walikuwa na haki. Akina mama, tusiwafukuze marafiki majumbani mwetu kwa hofu. Wodini tunaona kila siku thamani ya rafiki ajaye na uji wakati ndugu wamechoka. Ila tuchunguze kama yupo mmoja awezaye kutuambia tusilopenda kusikia. Na lile neno tunalolihifadhi kwa ajili ya mume, au kwa ajili ya rafiki, tuliseme lingali dogo.