Sangoku juu ya Meza ya Wamama



Sanamu ndogo za plastiki za mashujaa wa katuni za Kijapani zimeanza kufika kwetu, na zinaleta maneno. Katika kikundi chetu ilifika moja ya Sangoku, yule mwenye nywele za miiba. Mjomba aliitoa Goma kwa ajili ya mwanafunzi wetu wa darasa la tatu, ambaye pamoja na mama yake walikimbia vita bila kubeba kitu. Wengine walisema ni sanamu ya shetani, ichomwe. Kijana mmoja wa sokoni akasema Goma inaweza kupata dola 50, na mama akaanza kuhesabu unga. Akatuuliza: nichome, niuze, ao nimwachie mtoto?

Tukaipima kama tunavyopima maharagi: kwa macho, kwa pua na kwa mikono.

Kwanza, ni nani? Sangoku ni mtu wa hadithi aliyechorwa na Akira Toriyama wa Japani katika Dragon Ball, iliyoanza kutoka mwaka 1984. Sanamu hii ni ya kuchezea, haikutengenezwa iabudiwe.

Pili, ni ya kweli? Zile za kampuni ya Bandai huandikwa majina ya wenye haki: Bird Studio, Shueisha, Toei Animation. Hii haikuwa na jina hata moja. Rangi ya macho ilipita mstari, mkono ulilegea, na boksi halikuwepo. Kutengenezwa China si dalili ya uongo, maana nyingi za kweli zinatoka hukohuko. Lakini wanaozikusanya hulipa vizuri iliyo ya kweli, nzima, na boksi lake. Kwa hii, dola 50 ni ndoto; nauli ya Goma ingepotea bure.

Tatu, ina hatari? Harufu ilikuwa kali. Ulaya haikubali vitu vya kuchezea vyenye zaidi ya 0.1 kwa mia ya baadhi ya dawa za kulainisha plastiki. Sisi hatuna mashine ya kupima, basi tuliiosha kwa sabuni na kumkataza mtoto kuitia mdomoni. Mkono unaochomoka unaweza kumkaba mdogo asiyefika miaka 3, kwa hiyo isilale karibu na mtoto mchanga.

Nne, inamfaa nini mwenyewe? Tulimwomba atueleze habari za Sangoku. Mtoto ambaye tangu afike darasani alijibu kwa kichwa tu, alisema mpaka kengele ikalia. Thamani hiyo hakuna mnunuzi angeilipa. Mama akaamua abaki nayo.

Nasi tukawasimulia watoto habari za Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, ambazo Shé-Karisi Rureke aliziimba mwaka 1956 na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Mwindo alizaliwa akitembea na kusema, akashinda wengi, akajivuna, mpaka akapandishwa mbinguni kufundishwa adabu kwa baridi na jua kali. Watoto walimfinyanga kwa udongo, na usinga wake mkononi.

Wamama, kitu kama hiki kikiingia nyumbani, tusikimbilie moto wala soko. Tukioshe, tuvute viungo vyake kuona kama vinachomoka, kisha tumwambie mtoto: tusimulie.