Protini ya Yaya

Mwaka jana, mimba ya yaya yangu ilipofika wiki ya 26, nilimsindikiza kupimwa. Nyumbani kwetu Katuba mimi ndiye msomi wa lugha, kwa hiyo kila karatasi ya Kifaransa huletwa kwangu. Damu ilichukuliwa kwanza kabla hajala kitu, kisha akanywa gramu 75 za glukosi, akatolewa tena mara mbili. Ile ya kwanza ilionyesha miligramu 104 kwa desilita. Kwa mjamzito, kuanzia 92 tayari ni kisukari cha mimba. Muuguzi alitaja na kipimo kingine, cha hemoglobini iliyoshikwa na sukari, akasema ni protini ya damu. Nikatafsiri haraka: "Banasema ni protini ya damu, iko na sukari."

Baada ya wiki mbili sukari haikuwa imeshuka, nami nikaelewa nimefanya nini. Protini, kwa yaya, ni ile ya mabango ya kliniki: maharagwe, samaki, mayai. Alidhani amepungukiwa, akaongeza maharagwe. Sukari ya chai aliiacha, maana ugonjwa unaitwa wa sukari. Bukari akaendelea kumega kama zamani. Bukari si tamu, nani ataishuku? Lakini unga wa mahindi ukishasagwa tumboni ni glukosi, na homoni za kondo la nyuma huzuia insulini isifanye kazi yake vizuri. Sukari inayozidi humfikia mtoto, naye hunenepa hata kuzaliwa kwake kukawa kugumu. Wiki mbili hizo zilipotea kwa sababu ya neno langu.

Nikaanza upya. Ilikuwa kiangazi, yaya akianika nguo uani. Nikamwambia kwamba katika chembe nyekundu za damu mna kitu kinachobeba hewa, na sukari hukinata kidogo kidogo, haitoki mpaka chembe ife, kama siku 120 hivi. Akatazama kamba.

"Kumbe ni sawa vumbi ku nguo, mudogo yangu."

Ndivyo hasa. Hapo nami nikaelewa kwa nini kipimo hicho peke yake hakiaminiwi kwa mjamzito: chembe zake hufanywa upya haraka zaidi, nguo huanuliwa kabla vumbi halijajaa. Watafiti wanachunguza protini nyingine, kama adiponektini, ambayo mara nyingi huwa chini tangu miezi ya mwanzo kwa wanaokuja kupata kisukari hicho. Vitabuni protini hizo huitwa viashiria. Katuba sijasikia mtu akilitamka neno hilo, na nikisema "alama" wataangalia ngozi.

Yaya alipunguza bukari, akawa anatembea hadi sokoni kila baada ya kula. Sukari ilishuka bila dawa. Mtoto alizaliwa na kilo 3.3.

Wiki sita baadaye alirudi kupimwa. Safari hii hakunipa karatasi. Alimgeukia muuguzi mwenyewe: "Mama, vumbi ingali?"

Muuguzi akanitazama mimi.